Jina la Mlango Katika Nchi ya Waitwao

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani mpaka kwenye vizingiti vya milango, na manyunyu yasiyo na haraka yaliendelea tangu alfajiri hadi saa nne. Ilikuwa baridi ya kuvaa masweta mawili. Mimi hufuma masweta, kwa hiyo nilivaa matatu.

Naanza na siku na hali ya hewa kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa katika darasa la jioni: mtu akitaka kuaminiwa, atangulize yale ambayo jirani yake anaweza kuyashuhudia. Nilijiunga na darasa hilo nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Mwaka wa kwanza nilijifunza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Sasa ni mwaka wa tatu na tumefika kwenye kompyuta. Wiki iliyopita mwalimu wetu, Bwana Lusajo, alimwagiza kila mmoja atengeneze tovuti ya kazi yake, na kabla ya yote achague jina la tovuti hiyo, lile ambalo watu wataliandika kwenye simu ili wafike. Yeye huliita domeni.

"Tafuteni jina ambalo mtu akilisikia mara moja tu anaondoka nalo," alisema. "Mkikosea hapo, mtakuwa mmejenga nyumba mkasahau kuweka mlango."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Nina mdogo wangu, Tusekile, ambaye sijamwona kwa miaka kumi na tisa. Aliondoka kwenda kutafuta kazi machimboni. Namba za simu zikabadilika, zake na zangu. Kisha barabara ikapanuliwa, nyumba ya mama yetu ikabomolewa, nami nikahamia upande wa pili wa mji. Miaka minane iliyopita Tusekile alirudi. Niliambiwa baadaye na mama anayechoma mahindi pale kituoni. Alisema dada mmoja mrefu, mwenye begi la bluu, alisimama pembeni ya lami karibu nusu siku, akitazama mahali ilipokuwa nyumba yetu na kuwauliza watu ambao hawakutujua. Halafu akapanda gari, akaenda zake. Tangu nilipoambiwa hayo nimekuwa na sala moja tu.

Basi jina la tovuti kwangu halikuwa zoezi la darasani. Jumanne hiyo, baada ya sala ya asubuhi, nilibaki nimepiga magoti nikimwomba Mungu anipe jina ambalo lingemfikisha mdogo wangu kwangu. Jinsi nilivyotoka pale sitasimulia, maana sikuhesabu hatua. Nilipoinua uso nilikuwa kwenye mpaka wa Nchi ya Waitwao, na askari alikuwa ananinyang'anya daftari langu la darasani.

"Mama, huku karatasi haziingii," alisema. "Jina linabebwa kichwani."

"Na kitabu changu cha sala?"

Akakifungua. "Kina majina ndani?"

"Kina jina la Mungu."

Akatafakari kidogo, akiwa kama mtu anayepekua orodha ndefu kichwani mwake. "Huyo hajasajiliwa kwetu," alisema. "Pita nacho."

Nieleze sheria ya nchi hiyo kama nilivyoelezwa. Kule hakuna majina ya mitaa wala namba za nyumba. Anayetaka kwenda kwa mtu husimama popote alipo na kutamka jina la nyumba ya mtu huyo. Akilitamka sawasawa, njia inachomoza miguuni pake na kumfikisha mlangoni. Akikosea, atabaki amesimama, au atapelekwa kwa mtu mwingine kabisa, na serikali haihusiki. Majina yote ya tovuti tunayoyaandika kwenye simu zetu hutoka kule. Likikubaliwa kule, linafanya kazi na huku.

Mgeni hupewa mwenyeji, nami nilipewa mama mjane aitwaye Bi. Sikitu, msusi wa mikeka, mwenye maneno machache na macho makali. Nyumba yake iliitwa Geuka Nyuma. Kila aliyeambiwa jina hilo aligeuka kwanza, kisha akacheka, na akishacheka alikuwa amelishika. Kwake wageni hawakukatika.

"Umekuja na jina au umekuja kutafuta?" aliniuliza.

"Nimekuja kutafuta, dada."

"Basi vaa viatu vizuri. Hapa watu wanatafuta mpaka wanasahau walitaka kumwalika nani."

Tulianzia kwa kinyozi, maana ndipo watu wa nchi hiyo wanapojadili mambo mazito. Siku hiyo walikuwa wanajadili mikia. Kila jina kule lazima liwe na mkia nyuma yake, zile herufi ambazo huku huandikwa baada ya nukta ya mwisho, na mikia inayotafutwa zaidi ni miwili, Mkia wa Dunia na Mkia wa Nyumbani. Mwanamume aliyenyolewa upande mmoja alikuwa amesimama, shuka la kinyozi bado liko shingoni.

"Mimi nauza mkaa," alisema, "lakini nimechukua Mkia wa Dunia."

"Wateja wako wanatoka wapi?" kinyozi alimuuliza.

"Nyumba ya pili na ya tatu kutoka kwangu."

"Sasa dunia inahusikaje?"

"Inahusika na heshima! Wewe na mkia wako wa nyumbani utabaki unanyoa majirani."

"Nakunyoa wewe, jirani. Kaa chini nimalize."

Wote walicheka, ila mwenye mkaa alikaa akiwa amenuna, na niliona kwamba maneno hayo yalimuuma kweli.

Kutoka hapo Bi. Sikitu alinipeleka kwenye nyumba kubwa ya chama cha wafuga nyuki. Ili tufike alilazimika kuvuta pumzi na kutamka: "Umoja wa Maendeleo Endelevu na Ustawi Shirikishi wa Wafuga Nyuki Waadilifu wa Kanda ya Juu Mashariki." Alikosea mara mbili, akaanza upya. Mlangoni tulikuta wanachama kumi na wawili wamekaa kwenye viti vilivyopangwa, wamevaa suti, birika la chai liko mezani limefunikwa kitambaa. Walisimama wote kwa pamoja.

"Karibuni! Karibuni sana!" alisema mwenyekiti. "Mmetumwa na nani?"

"Tunapita tu," alisema Bi. Sikitu.

Tulikuwa wageni wao wa kwanza kwa miaka sita. Asali yao ilikuwa nzuri kuliko asali yoyote niliyowahi kuonja. Nilipouliza kwa nini wasifupishe jina, mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba kila neno liliingizwa na mjumbe fulani katika mkutano halali, na kuondoa neno moja ni kumfukuza mjumbe mmoja. Tulipoondoka walitusindikiza mpaka pale njia ilipoishia, wakapunga mikono, wakarudi kwenye viti vyao. Nilikuwa nawaza kwamba mtu anaweza kungojwa kwa upendo wote, na chai ikiwa tayari, na bado asipate pa kupitia.

Kisha tukafika kwenye mtaa ambao ulinishangaza zaidi. Ulikuwa mrefu, nyumba zimejipanga pande zote, zote zimefungwa, ndani hamna kiti wala sufuria. Kwenye kila mlango palikuwa na jina zuri: Amani. Upendo. Shamba. Harusi. Dawa. Sweta. Mwanzoni mwa mtaa alikaa mwanamume mmoja mnene kwenye kigoda, anakula karanga. Huyo ni Bwana Shebe, mmiliki wa nyumba zote mia nne.

"Karibu, mama wa masweta," alisema. Sijui aliambiwa na nani. "Sweta ninayo. Masweta ninayo. Fuma ninayo. Baridi ninayo pia, usije ukajisumbua."

"Nani anaishi humo?" nilimuuliza.

"Hakuna. Jina likikaliwa linachakaa."

"Sasa unayaweka ya nini?"

"Namsubiri yule ambaye hawezi kuishi bila hilo jina." Akatema ganda la karanga. "Huwa anakuja. Na wale wenye majina tayari, vijana wangu wanawasubiria milangoni kwao. Sheria inamtaka mwenye jina aahidi upya kila mwaka, na wazee husahau siku. Akisahau, sisi tupo."

Ni kweli. Baadaye niliwaona hao vijana wamekaa nje ya nyumba za wazee, wakiwasalimu kwa adabu zote, wakiwauliza afya kwa shauku kubwa.

Nilijua nisiulize, lakini niliuliza. "Jina la Tusekile unalo?"

Hata hakufikiri. "Mlango wa tano kushoto. Majina ya mabinti wa milimani nilichukua yote, hata ya wale ambao hawajazaliwa."

Nikaenda hadi mlango wa tano kushoto. Jina la mdogo wangu lilikuwa pale, kwa rangi nyeupe, kwenye nyumba tupu. Niliweka kiganja juu ya ubao. Kwa miaka kumi na tisa sikuwa nimeliona jina hilo likiwa limeandikwa mahali popote isipokuwa na mkono wangu mwenyewe.

"Utanipa kwa bei gani?" nilimuuliza Bwana Shebe.

"Mashine yako ya kufumia."

Ile mashine ndiyo mikono yangu. Ndiyo inayonilisha. Lakini nilikuwa tayari kusema ndiyo, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, Bi. Sikitu aliponishika kiwiko na kunivuta pembeni.

"Wewe mama, hebu subiri. Mdogo wako alipokuwa mtoto, akachelewa kurudi kutoka michezoni, giza linaingia, alikuwa akisimama njiani anaita jina lake mwenyewe?"

"Hapana."

"Alikuwa anaita nini?"

"Hakuwa anaita," nilisema. "Alikuwa anaitwa."

"Anaitwaje?"

Niliisikia sauti ya mama kama amesimama nyuma yangu. Kila jioni alitoka mlangoni, akajishika kiuno, na kupiga kelele kuelekea mtoni tulikokuwa tunacheza: "Uji umepoa!" Hakutuita kwa majina, aliona ni kupoteza pumzi, maana sisi wawili tulikuwa tunakuja pamoja. Uji wenyewe haukuwa umepoa, ulikuwa unaunguza ulimi. Lakini tulikimbia. Watoto wenzetu walitutania kwa hayo maneno mpaka tulipokua. Tusekile aliyachukia, kisha akayapenda, na siku aliyopanda gari kwenda machimboni alichungulia dirishani, akaniambia, "Dada, siku ukiona uji umepoa, unishtue."

"Basi," alisema Bi. Sikitu baada ya kusikia hayo yote. "Huyu bwana wa karanga hilo hana."

Ofisi ya Majina ni jengo lenye meza tatu. Kwenye meza ya katikati anakaa Msajili, Bwana Kihero, mzee mwembamba asiyeinua sauti. Kulia kwake ni Mjumbe wa Hadhi, na kushoto ni Mjumbe wa Mvuto. Mjumbe wa Hadhi alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja usoni, moja kwenye nywele.

Lazima nikiri kosa langu. Nilipowaona wale wakubwa na meza zao niliona haya. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu huwa anadhani kila mwenye meza anajua zaidi. Nilitaja jina nililolichagua, Uji Umepoa, kwa sauti ndogo.

"Uji umefanyaje?" aliuliza Mjumbe wa Hadhi.

"Umepoa, mama."

"Mama yangu, unauza masweta, sivyo? Na unataka kuitangazia nchi kwamba nyumbani kwako chakula kimelala?"

"Halina mvuto," alisema Mjumbe wa Mvuto. "Tuweke Suluhisho. Watu wanapenda Suluhisho."

"Na Bora."

"Na Afrika, mwishoni, lipate upana."

Walijadiliana kwa muda mrefu, wakanigeukia wakiwa na furaha, na mimi kwa woga nikakubali. Wakatanguliza na langu la kuzaliwa, Atupele, na jina la nyumba likawa Atupele Masweta Suluhisho Bora la Baridi Afrika.

Nchi hiyo ina mtihani mmoja wa jina, unaoitwa Jaribio la Nyanya. Mpita njia wa zamu huitwa kutoka nje, anatamkiwa jina mara moja tu, halafu anatumwa sokoni kununua nyanya. Ni lazima abishane na muuzaji kuhusu ubora wa nyanya hizo mpaka wakubaliane. Akirudi bado analikumbuka, jina linapita. Wanasema hakuna kitu kinachofuta kichwa cha mtu kama kubishana juu ya nyanya. Jina hujaribiwa mara mbili tu. Likianguka zote mbili, mwombaji anarudi baada ya miaka saba.

Mpita njia wa siku hiyo alikuwa Bi. Mwanahija, mama mchangamfu mwenye kikapu. Alisikiliza jina langu, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Alirudi amekasirika.

"Ananipa zilizopondeka halafu ananiambia ndizo tamu! Mimi!"

"Jina, Bi. Mwanahija," alisema Msajili.

"Jina..." Aliangalia dari. "Kulikuwa na baridi. Baridi... na kitu bora. Jamani, nisameheni. Nyanya ni hizi hapa."

Mjumbe wa Mvuto alisema soko limeharibika siku hizi. Msajili aliandika alama moja mezani kwa chaki na kunitazama. "Imebaki mara moja, mama."

Miaka saba. Nilihesabu umri wangu, na umri wa Tusekile, na machimbo, na lile begi la bluu. Nikainamisha kichwa pale pale mbele ya meza zao. Sikuomba jina, nilikuwa nimeshapewa. Niliomba nisilionee haya.

"Uji Umepoa," nilisema. "Mkia wa Nyumbani. Sibadilishi."

Mjumbe wa Hadhi alivua miwani ya usoni na kuvaa ya nywelani. Bi. Mwanahija akatamkiwa, akatabasamu, akaenda.

Alikawia. Aliporudi alikuwa na muuzaji wa nyanya mwenyewe, mama mrefu mwenye aproni, na nyuma yao walikuwepo watu kama wanane.

"Uji Umepoa!" alisema Bi. Mwanahija kabla hajaulizwa. "Nilimwambia huyu, fanya haraka, uji umepoa, akaniuliza uji gani, nikamwambia ni nyumba, akasema mama yake naye alikuwa akiwaita hivyo hivyo, ila wao ilikuwa ugali. Hatukubishana hata kidogo!"

"Lazima mbishane," alisema Mjumbe wa Mvuto. "Ni kanuni."

"Tutabishana sasa," alisema muuzaji. "Yeye anasema nyanya zangu mbovu, na mimi nazisifu. Haya. Jina bado ninalo."

Na wale wanane waliokuja nyuma wote walikuwa nalo, wakilitamka kila mmoja kwa sauti ya mtu wa kwao, na mmoja wao, mwanamume mtu mzima, alikuwa anafuta macho na kusingizia vumbi.

Msajili alinyoosha mkono kuwanyamazisha. Nilidhani atanipa cheti, lakini kule hawatoi cheti. Alisimama.

"Jina limepita," alisema. "Limepita kuliko ulivyotaka, na hilo ndilo ninalotaka ulisikie vizuri, mama. Ulikuja na mtu mmoja moyoni. Lakini mlango wa nchi hii hauchagui. Hawa wote waliosimama hapa wanaweza kukuita kesho. Na wale watakaowaambia. Utasikia hodi, utainuka ukijua ni yeye, na atakuwa ni mtu wa kutaka sweta la shule, au aliyepotea tu, au aliyekuja kucheka. Mara mia. Mara elfu. Huenda mdogo wako asiite kamwe. Siwezi kukudanganya. Sheria inasema anayefungua kwa mmoja tu na kuwafungia wengine ananyang'anywa jina. Wengi wamelirudisha mwaka wa kwanza, maana kusikia hodi isiyo ya mtu wako kunachosha kuliko ukimya. Unaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo upesi, kama nilivyosema ndiyo kwa lile jina lao. Safari hii nilifikiri kwanza jinsi nitakavyoinuka kwenye mashine, nitakavyojipangusa mikono, na sura itakayokuwa nje. Nilimfikiria kila mmoja wao akiona uso wangu ukibadilika mlangoni. Nikajua kwamba hilo ndilo gumu, nalo ndilo ninaloombwa. Nikamwambia naweza.

"Mashahidi?" alisema Msajili.

Bi. Sikitu alisogea kulia kwangu. Bi. Mwanahija akasogea kushoto, kikapu mkononi, na muuzaji wa nyanya akavua aproni yake akaikunja kwa heshima. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ambayo hata wale waliokuwa nje waliisikia:

"Mimi, Atupele, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya kina mama hawa kwamba kila nitakapoitwa kwa jina hili nitainuka na kufungua. Nikikuta si Tusekile, nitamkaribisha huyo aliyekuja, nimpe kiti, nimsikilize mpaka amalize, wala sitamwonyesha kwamba nilikuwa namtazamia mwingine."